Tovuti yako inawafungia nje watu wenye ulemavu: ubandike wijeti, ujirekebishie, ulete watu waikague au ujenge upya?

Hili swali huwa linanifikia kwa namna ileile. Mtu anasimamia tovuti ya biashara au ya shirika, siku moja anapokea email kutoka kwa mteja asiyeona kwamba ameshindwa kujaza fomu, anashtuka, anaingia mtandaoni kutafuta tafuta, baada ya nusu saa anarudi na maswali mawili tu: tununue kile kitu cha kubandika, au tuvunje yote tuanze upya? Kama vile katikati hakuna kitu. Kipo bwana. Njia ziko nne, na mi nimeshazipitia zote kwa nyakati tofauti, mbili kwa hiari na mbili kwa kulazimika, kwa hiyo ngoja tuziweke kwenye mzani mmoja uone ipi inakufaa wewe na hali yako.

Kwanza tukubaliane tunamwongelea nani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani kama 16% ya watu wote, wana ulemavu mkubwa wa aina fulani. Na si wasioona peke yao. Yupo mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi mpaka skrini inabeba maneno kumi tu, yupo kiziwi anayeangalia video yako bila manukuu anaona midomo inacheza, yupo ambaye mikono inatetemeka hawezi mausi anatumia kibodi tu, yupo mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, yupo mwenye kifafa ambaye kitu kikimwekamweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde kinaweza kumwangusha. Ukisema "tumeweka ufikivu", yaani kila mtu anaweza kuitumia tovuti, jiulize umewawekea wangapi kati ya hao.

Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni mwongozo unaoitwa WCAG, unatolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, toleo la kwanza lilitoka 1999 na 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu kutoka ya chini kwenda ya juu, A, AA na AAA, na mtu akikwambia anataka tovuti "ifuate viwango" mara nyingi anamaanisha AA. Toleo hilo la 2.2 lina vigezo 86 na najua ukisikia hivyo unataka kufunga laptopu ukalale, lakini subiri. WebAIM, shirika la Marekani la mambo ya ufikivu, kila mwaka wanapima kurasa za mbele za tovuti milioni 1, na mwaka 2025 walikuta 94.8% zina makosa yanayoonekana kwa mashine, ila karibu makosa yote hayo ni ya aina sita tu: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo, linki tupu, batani tupu, na ukurasa usiosema umeandikwa kwa lugha gani. Sita! Kati ya hayo hakuna hata moja linalohitaji digrii.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale. Inatibu nini hasa, maana kuna kutibu na kuna kufunika. Inakula muda na nguvu kiasi gani. Unahitaji kuwa na nini mkononi. Na mwaka ukipita kunabaki nini. Hilo la tatu ndo watu wanaliruka na kwangu mimi ndo linaamua karibu kila kitu, kwa sababu unaweza kuwa na nia nzuri na hela pia lakini kama huwezi kuugusa msimbo (code) wa tovuti yako (aliyejenga kapotea, au uko kwenye mfumo uliofungwa) basi nusu ya ushauri wa mtandaoni haukuhusu.

Njia ya kwanza: wijeti ya kubandika

Umeshaiona, ile batani ya duara kona ya chini yenye kikatuni cha mtu amenyoosha mikono. Unabandika mstari mmoja wa JavaScript, inatokea.

Inatibu nini: ukiibonyeza unapata menyu ya kukuza herufi, kubadilisha rangi, kusimamisha vitu vinavyochezacheza. Baadhi zinaahidi pia kurekebisha msimbo wenyewe zikiwa juu kwa juu, zikisie maelezo ya picha, zikisie lebo za fomu. Hapo kwenye kukisia ndo pana shida. Picha ya ramani ya kufika ofisini kwako, wijeti itasema "ramani", haitasema ingia mlango wa nyuma. Halafu mtu asiyeona tayari ana kisoma skrini chake, programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, iwe JAWS au NVDA kwenye kompyuta, VoiceOver kwenye iPhone, TalkBack kwenye Android, amekizoea na kimepangwa anavyotaka, sasa wewe unamletea kingine kinachogombana na chake. Wapo wanaozizuia kabisa kwenye brauza zao. Na ahadi zake zimeshafika mbali: mwaka 2025 FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda wateja, iliitaka kampuni moja inayouza wijeti hizi ilipe dola milioni 1 kwa kutangaza kwamba bidhaa yake inaweza kuifanya tovuti yoyote ifuate WCAG, kitu ambacho haikuweza kukithibitisha.

Muda na nguvu: dakika kumi. Hakuna inayoishinda hapa.

Unachohitaji: ruhusa ya kubandika mstari mmoja, basi.

Baada ya mwaka: siku ukiacha kulipia, tovuti inarudi ilivyokuwa, makosa yote yapo palepale yanakusubiri.

Inamfaa: niseme ukweli, siipendi, ila nisiionee. Kuna mtu mwenye uoni hafifu asiyejua kwamba Ctrl na alama ya kujumlisha inakuza ukurasa, akiona batani ya kukuza herufi atafurahi. Na kuna msimamizi ambaye mfumo wake haumruhusu kugusa kitu kingine chochote kwa miezi sita ijayo. Kwa hao ni kitu cha kupunguza makali, mradi usiende kuandika popote kwamba sasa mmefuata viwango.

Njia ya pili: ujikague na urekebishe mwenyewe

Hapa ndo nitakaa zaidi kwa sababu wengi wanaoniuliza wanatakiwa kuanzia hapa na hawajui hata kama inawezekana.

Inatibu nini: chanzo chenyewe, ila sehemu ya chanzo. Unaanza na programu za kukagua, zipo za bure, Lighthouse imo tayari ndani ya Chrome, WAVE na axe unaziongeza kwenye brauza. Zinakuorodheshea makosa kwa sekunde chache. Lakini usizilewe. Mwaka 2017 timu ya kidijitali ya serikali ya Uingereza ilitengeneza ukurasa mbovu kwa makusudi, wenye vikwazo zaidi ya 140, wakaupitisha kwenye programu 10, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata 40%. Kwa hiyo ukipata alama 100 ya Lighthouse usianze kusherehekea, umepata 100 kwenye maswali ambayo mashine inajua kuuliza.

Mfano ninaoupenda ni wa lugha. Templeti nyingi zinakuja zimeandikwa juu kabisa lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, wewe unaandika Kiswahili chako humo ndani na hugusi hapo juu. Programu ya ukaguzi inaona lugha imetajwa, inapitisha. Sasa washa NVDA, ambayo ni ya bure, sikiliza ukurasa huo: inausoma kwa matamshi ya Kiingereza, "maelezo zaidi" inatoka kitu hakieleweki kabisa, unaweza kucheka mpaka ukumbuke kuna mtu anasikiliza hivyo kila siku. Badilisha iwe lang="sw". Herufi mbili. NVDA inakuja na sauti za eSpeak NG ambazo Kiswahili kimo, sauti ni ya kirobotirobot lakini maneno yanatoka yalivyo.

Baada ya programu weka mausi pembeni. Bonyeza Tab, endelea kubonyeza, angalia kama unaona uko wapi. Mara nyingi huoni, kwa sababu kuna developa aliambiwa na bosi kile kifremu cha bluu kinachozunguka batani ni kibaya, akaandika outline: none, kikafa, na pamoja nacho akafa kila mtu anayetumia kibodi. Kifufue. Kisha fungua menyu kwa Enter, funga kidirisha kwa Esc, jaza fomu mpaka mwisho. Ukikwama mahali, umepata kosa ambalo hakuna ripoti ingekwambia kwa uzito huo.

Rangi nazo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, makubwa yanaruhusiwa 3 kwa 1. Ile kijivu #777 inayopendwa sana juu ya nyeupe inapata 4.48, inaanguka kwa unywele, ukiisogeza kidogo tu ikawa #767676 inapita, na hakuna jicho litakalojua umebadilisha. Lakini #999 ni 2.85, hiyo ni kuandika kwa maji.

Picha: kama inasema kitu, iandikie alt, yale maelezo yanayosomwa badala ya picha, inayosema hicho kitu. Kama ni pambo, acha alt="" tupu kabisa ili irukwe. Kibaya zaidi ni kuacha kuweka alt kabisa, maana hapo kisoma skrini kinaweza kuanza kumsomea mtu jina la faili, IMG nne saba mbili sifuri nukta jpg, na kama una picha thelathini za bidhaa, fikiria.

Muda na nguvu: kwa tovuti ndogo ya kurasa kumi hivi, jioni za wikiendi mbili tatu. Kubwa ya maelfu ya kurasa, rekebisha templeti kwanza, kosa moja la kwenye kichwa cha ukurasa ukilitoa linatoka kila mahali kwa mpigo.

Unachohitaji: kuugusa msimbo, au mtu anayekubali kuugusa ukimwomba. Pia uvumilivu wa kusikiliza kisoma skrini, siku ya kwanza kitakuchosha kichwa, ni kawaida.

Baada ya mwaka: ulichorekebisha kipo na ujuzi unao. Hatari ni mwandishi mpya anakuja anapakia picha bila maelezo na video bila manukuu, unarudi pale pale. Waelekeze wanaoweka maudhui, wao ndo wengi kuliko wewe.

Inamfaa: mwenye tovuti ndogo au ya kati, anayejiweza kidogo kiufundi au ana developa wake karibu.

Njia ya tatu: ulete watu waikague

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Mkaguzi mtaalamu anapita kigezo kwa kigezo na kukupa ripoti. Watumiaji wenye ulemavu wanajaribu kufanya kazi halisi kwenye tovuti yako, kununua, kujisajili, kutafuta namba ya simu, wewe umekaa pembeni umenyamaza. Ukiweza pata vyote, ukishindwa chagua kwa kujua unachagua nini.

Inatibu nini: kwa yenyewe haitibu hata kimoja, inaonyesha. Lakini inaonyesha yale ambayo hukuweza kuyaona. Niliwahi kujenga fomu ya kuweka miadi, axe ilinipa makosa sifuri, nikatembea kifua mbele, halafu nikamwomba jamaa yangu asiyeona aijaribu. Kasi ya sauti ya kisoma skrini chake mi sikushika hata neno. Hakuanza kusoma juu kama nilivyodhani, aliruka kwa vichwa vya habari, H, H, H, akafika kwenye fomu kabla sijakaa vizuri, na mi vichwa nilikuwa nimeviweka kwa bahati tu si kwa akili. Akafika kwenye kalenda ya kuchagua tarehe. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mwezi gani? Haisemi. Akataka kuandika tarehe mwenyewe, kisanduku kikamkatalia kwa sababu mi nilikifunga ili watu "wasikosee". Akavua hedifoni akaniuliza, "sasa kaka, hii kalenda ulimtengenezea nani?" Nilikuwa sina jibu. Nilichofanya ni kufungua kile kisanduku mtu aandike tarehe, kalenda ikabaki kwa anayeitaka, na hata wanaoona walianza kuandika, ni haraka zaidi.

Muda na nguvu: wiki kadhaa, kupanga, kujaribu, kuandika, kisha kurekebisha ambako ni kazi nyingine nzima. Na wanaojaribu walipwe jamani, ni utaalamu kama mwingine, usimwite mtu asubuhi hadi jioni halafu umpe soda.

Unachohitaji: bajeti, na mtu wa kurekebisha akiwa tayari kabla ripoti haijafika. Usilete pia mtu mmoja ukadhani amewawakilisha wote, asiyeona hatakwambia chochote kuhusu manukuu ya video zako, na kitu kinachofanya kazi kwa NVDA kinaweza kugoma kwa VoiceOver.

Baada ya mwaka: inategemea. Nimeona ripoti nzuri sana zimelala kwenye droo, kurasa 60, hakuna hata alt moja iliyoongezwa.

Inamfaa: mwenye tovuti ambayo mtu akishindwa kuitumia anakosa kitu cha maana, malipo, matibabu, masomo, huduma za serikali. Na anayebanwa na sheria.

Njia ya nne: ujenge upya

Inatibu nini: ikifanyika vizuri, kila kitu. Unaanza na HTML ya kawaida, lugha ya msingi ya kurasa za wavuti, batani iwe batani kweli na si div (kisanduku kitupu) iliyovalishwa nguo za batani, vichwa vipangwe, fomu zipate lebo, na visoma skrini vinaelewa bila kubembelezwa. Watu wa ARIA wenyewe, hizo alama za ziada za kuwaeleza visoma skrini kitu ni nini, kanuni yao ya kwanza inasema usiitumie kama HTML ya kawaida ina kitu hicho hicho. Ikifanyika vibaya unapata tovuti mpya inayong'aa yenye makosa yaleyale, na hili ndo linatokea mara nyingi, kwa sababu kwenye mkataba hakuna aliyeandika neno ufikivu.

Muda na nguvu: miezi. Na yaliyomo ya zamani yanahama na magonjwa yake, picha zisizo na maelezo zinaingia nyumba mpya vilevile zilivyo, PDF zilizoskaniwa ambazo kwa kisoma skrini ni picha tupu nazo zinaingia.

Unachohitaji: fedha, mkataba unaotaja WCAG na ngazi unayoitaka, na kipimo kabla ya kupokea kazi. Kama unatumia WordPress, kwenye orodha yao ya mandhari (theme) kuna alama ya accessibility-ready, ni mahali pazuri pa kuanzia, na mandhari yoyote ya kununua fungua kwanza onyesho lake upite na Tab kabla hujatoa hela. Dakika tano tu.

Baada ya mwaka: hapa ndo inalipa, msingi ukiwa sawa kila ukurasa mpya unazaliwa ukiwa na afya.

Inamfaa: aliyekuwa anapanga kujenga upya hata hivyo, au ambaye tovuti yake ni ya zamani kiasi kwamba kurekebisha kosa moja kunazaa mawili.

Sasa wewe uko wapi

Huna ruhusa ya kugusa msimbo na hutakuwa nayo karibuni: usiseme huna la kufanya, yaliyomo ni yako. Maelezo ya picha, vichwa vya habari, manukuu ya video, maneno ya linki yanayosema yanaenda wapi badala ya "bofya hapa" kumi na tano, hayo yote mara nyingi unayafanya ukiwa kwenye kihariri cha kawaida. Wijeti ukitaka iweke, ila anza na haya.

Una tovuti ndogo, uko peke yako, bajeti hakuna: njia ya pili, anza na yale makosa sita.

Una duka la mtandaoni au mtu anafanya malipo kwako: njia ya pili kwanza ili usimlipe mkaguzi akuambie vitu ambavyo Lighthouse ingekuambia bure, kisha njia ya tatu kwenye hatua za kununua tu, kutoka kuchagua bidhaa mpaka risiti. Si lazima tovuti nzima siku ya kwanza. Na kama unauzia wateja wa Umoja wa Ulaya, sheria yao ya ufikivu imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa maduka ya mtandaoni, biashara ndogo sana za huduma zina msamaha, kwa hiyo angalia uko upande gani kabla ya kutumia hata senti.

Umeshapokea malalamiko: mjibu mlalamikaji leo, umpe njia nyingine ya kupata huduma wakati unarekebisha, simu au email inayojibiwa na binadamu, na umuulize kama yuko tayari kujaribu ukimaliza. Wengi wanakubali. Ameshakuonyesha kosa moja bila malipo, la pili mlipe.

Uko kwenye mazungumzo ya kujenga upya tayari: usirekebishe ya zamani zaidi ya yale yanayomfungia mtu kabisa, nguvu peleka kwenye mkataba mpya, na omba wajaribuji waone michoro mapema, kalenda mbovu ikiwa bado kwenye karatasi inafutwa kwa raba.

Na kama hujui uko kundi gani, weka mausi mbali sasa hivi, fungua ukurasa wako wa mbele, Tab kutoka juu mpaka chini, hesabu umepotea mara ngapi. Mara mbili tatu, hiyo ni ya wikiendi. Ukipotea kabla hata hujafika kwenye menyu na aliyejenga hapokei simu, anza kufungua maonyesho ya templeti.